Kadi za Chelangat

Siku hizi naalikwa harusi kwa simu. Picha inaingia, maua yanacheza, bibi na bwana harusi wanacheka kwa meno yote, na chini kuna namba ya kutuma mchango. Naangalia, natuma kidogo changu, nafuta. Kwa hiyo kijana wa bodaboda aliponiletea bahasha ngumu kutoka stendi, imeandikwa jina langu kwa mkono, nilidhani ni maneno ya shamba. Nilikuwa barazani nachambua mboga za chinsaga. Nikapangusa mikono kwenye leso, nikafungua, na kabla sijasoma neno hata moja nikaijua kwa harufu: majani ya chai yaliyochemshwa mpaka yakachoka, majivu, na moshi kidogo. Karatasi ilikuwa nzito, rangi ya chai ya maziwa, yenye nyuzi za mgomba ndani yake, na chini ya utepe wa kitenge kulikuwa na unyasi mmoja uliosokotwa. Nikasoma jina la bibi harusi. Chelangat. Na mwandiko ulikuwa wa Mama Chelangat, ile C yake yenye mkia unaorudi nyuma kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mume wangu aliuliza kutoka ndani kama ni mkutano wa ukoo. Mama Chelangat alikufa mwanzo wa mwaka huu. Goti langu lilikataa safari ya mazishi, nikatuma rambirambi na kulia peke yangu jikoni.

Nimewajua Chelangat wawili maishani, na mmoja wao alikuwa amekufa kabla sijakanyaga Kiptere, kule Kericho. Nilipoona ule mwandiko, moyo wangu haukwenda kwa yule aliye hai. Ulikwenda kwa yule wa kwanza. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa mapepo. Nyumbani Kisii tulilelewa Kisabato, tukafundishwa kwamba aliyekufa amelala na hasikii kitu. Hiyo ndiyo imani yangu mpaka leo, na kila jambo nitakalolisimulia lina maelezo yake, nitayatoa. Kama maelezo hayo yatakutosha, una bahati kuliko mimi.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo hayakuwa ya kumwonyesha mtu. Shangazi yangu aliuza ndizi soko la Kiptere, akasema niende nimsaidie badala ya kukaa nyumbani nikiwatazama kuku. Kulikuwa na mwanamke mmoja mrefu, mkimya, aliyekuja kila siku ya soko kuchukua magome ya migomba ambayo sisi tulitaka kutupa. Siku moja aliona nikiandika bei kwenye ubao, akasimama kuuangalia mwandiko wangu kwa muda ambao ulinitia haya. Akamwambia shangazi anahitaji msichana wa kuandika kadi. Shangazi akanikabidhi pamoja na magome. Ndivyo nilivyoingia kwa Mama Chelangat, nikalala kwake na kula kwake hadi mwaka ukaisha.

Alifanya kazi yake katika banda la zamani la kununulia majani chai, kando ya barabara ya vumbi, mahali ambapo wakulima walikuwa wakipanga foleni na magunia yao kabla kituo hakijahamishwa. Meza ndefu ya kukagulia majani ilikuwepo bado, na juu yake, kwenye boriti, kulabu ya mizani ilining'inia kwa mnyororo bila mizani. Tulichemsha magome kwa majivu mpaka yakalainika, tukayatwanga kwenye kinu pamoja na makaratasi machakavu yaliyolowekwa, tukachota ule uji kwa fremu ya mbao yenye chandarua, tukatandaza karatasi mbichi, shuka moja moja, kwenye mabati kando ya jiko. Rangi ilitoka kwenye chai. Zilipokauka tulikata kadi, za Krismasi, za pongezi, za pole, na zaidi ya yote za harusi, tukabandika vipande vya kitenge na shanga kwa gundi ya unga wa ngano. Majina niliandika mimi, kwa kalamu ya wino, nimekaa kwenye kiti cha mbao chenye mto wa maua karibu na dirisha. Hapo ndipo Mama aliponionyesha siku ya kwanza. "Kaa hapo. Iko mwanga," alisema. Kiswahili chake kilikuwa cha Wakipsigis, wenyeji wa hapo, bibi harusi kwake alikuwa "pipi harusi", na mimi mwenye meno ya nje nilicheka mara ya kwanza, naye akacheka pia. Nilimpenda kwa hilo.

Nilichelewa kuona kwamba watu hawakuingia. Wanawake wa hapo walikuja kuagiza kadi za watoto wao, wakafika mlangoni, wakanitazama mimi, wakatazama kiti, halafu wakasema haja yao wakiwa nje, hata mvua ikiwanyeshea. Kericho mvua ya alasiri haikosi, kwa hiyo walinyeshewa mara nyingi. Nilifikiri ni ubaguzi, kwamba hawataki kukaribiana na Mkisii. Jioni jikoni kwa Mama kulikuwa na joto, sufuria ya ugali, mboga za kienyeji, na mursik, yale maziwa yao ya kibuyu yenye masizi, ambayo mwanzoni niliyanywa nikifumba macho na baadaye nikayadai mwenyewe. Mama alipakua sahani tatu. Tulikuwa wawili. Nilijiambia ya tatu ni ya mgeni, kwani nyumba nyingi za bara huweka akiba ya mgeni, na asubuhi ile sahani ilikuwa tupu kwa sababu kulikuwa na paka. Paka mwenyewe sikuwahi kumwona akila ugali, lakini sikumchunga.

Na kulikuwa na chafya. Karatasi kavu ikikatwa hutoa vumbi laini, na pua yangu tangu utotoni ni ya kulalamika. Watu wengine ukipiga chafya husema pole. Mama hakusema. Aliacha mkasi, akainua kichwa, akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi mahali na sasa anasikiliza kama kuna nyayo. Halafu aliendelea kukata. Wakati mwingine nikiwa nje nachota maji nilimsikia akizungumza Kikipsigis ndani ya banda, sentensi chache, kisha kimya kirefu, kisha tena, na sauti yake ikipanda mwishoni kama ya kuuliza. Nilipoingia alikuwa peke yake na kile kiti. Sikuielewa lugha wakati ule, na kwa mtu asiyeelewa, maombi na mazungumzo hufanana.

Mvua ndefu ilipoanza, akaja Faith. Alikuwa mwalimu wa nasari kutoka upande wa Kedowa, mcheshi, mwenye viatu vyeupe kwenye tope lile, na huyo hakusimama mlangoni. Aliingia moja kwa moja, ukungu ukiingia naye, akanisalimu kwa mkono, akazunguka akishika kila kitu. Nilifurahi sana kuona mtu anakaribia ile meza. Ukutani, ndani ya fremu ya kioo, Mama alikuwa ametundika kadi moja ya harusi, nzuri kuliko zote, yenye kisokoto cha nyasi chini ya utepe. Mimi niliichukulia kuwa sampuli yenye majina ya kubuni, kama Otieno na Atieno wa vitabu vya shule, la msichana likiwa limeazimwa kwa binti wa Mama, niliyedhani ameolewa mbali. Faith akasimama mbele yake akapiga makofi.

"Hii! Mama, hii ndio nataka, exactly hii. Ona, hata jina ya Wesley wangu iko! Si mtatoa tu hiyo ya msichana muweke Faith?"

Alicheka, na mimi nikacheka, kwa sababu ilichekesha. Mama hakucheka. Kulabu juu ya meza iligeuka kidogo kwenye mnyororo wake, nami nataja kwamba mlango ulikuwa wazi na upepo ulikuwepo.

"Wesley gani?" Mama aliuliza.

"Wa hiyo boma iko karibu na dipu ya ng'ombe. Kogo wake ndio yule mzee sana, anatembea na fimbo. Unawajua?"

"Nawajua. Harusi ni lini?"

"Mwezi wa nane. Pastor amesema isipite hapo." Faith aliweka mkono tumboni bila kujua ameuweka. "Mtamaliza?"

"Hiyo ni sampuli tu," Mama alisema, akiitazama kadi na si Faith. "Tutaona."

Aliyenifungua macho ni yule Kogo, bibi yake Wesley. Alikuja siku chache baadaye Mama akiwa sokoni, akasimama nje ya dirisha langu na fimbo yake, kofia ya sufu imelowa. Nilimwambia karibu ndani, Kogo. Hakunisikia, au hakutaka kunisikia.

"Hiyo kiti, nani alikupa?"

"Mama, Kogo."

"Na mwenyewe alikubali?"

Nikauliza mwenyewe ni nani. Ndipo akanieleza, kwa Kiswahili cha kuokoteza, akitulia kila mara kupumua. Chelangat alikuwa binti pekee wa Mama. Ndiye aliyeanzisha kazi ya kadi pamoja na mamake, ndiye aliyekuwa akiandika majina, hapo nilipokaa, kwenye mto alioushona mwenyewe. Yeye na Wesley walifanyiwa koito, ile sherehe ya kupeleka mahari na kukubaliana, na wazee wakawafunga nyasi za segutiet kwenye vifundo vya mikono. Kadi za harusi zikaandikwa zote. Halafu homa ikamshika, na kabla kadi hazijagawanywa akafa. Alizikwa na nyasi yake mkononi. Ya Wesley ilipokauka na kukatika aliileta kwa Mama, na ndiyo ile kwenye fremu.

"Nyasi ikifungwa haifunguliwi," Kogo alisema. "Hata kifo haifungui. Huyo msichana ni wa kwetu, ako na nyumba kwetu. Sasa Wesley analeta mwingine kwa nyumba ya mtu, na mwenye nyumba hajaambiwa. Ni nani atamwambia? Sisi? Ni mamake tu. Na mamake hataki kumwachilia, anamkalisha hapa na kadi." Alinitazama kwa macho meupe ya uzee. "Mimi nimezika watoto. Sitaki kuzika hiyo iko kwa tumbo ya Faith."

Kidogo baadaye tukasikia Faith ameanza kutoka damu. Zahanati ilimwamuru alale, asiinue hata ndoo, akabaki nyumbani kwa Wesley. Mwezi ukapita, na Mama hakuzimaliza kadi za Faith. Alitengeneza za wengine wote. Kwa Faith alichota shuka mara mbili, na mara mbili zilikataa kukauka, zikaota kuvu za kijani kwenye kingo tukazitupa. Msimu wenyewe ulikuwa wa maji, nguo zetu pia hazikukauka. Lakini za wengine zilikauka. Nilianza kukaa kwenye ule mto kwa upande mmoja wa makalio, kama mtu aliyeambiwa atahamishwa wakati wowote, na kusema kweli niliogopa. Nilitaka kurudi kwa shangazi. Kilichonizuia ni kwamba siku niliyofunga nguo zangu Mama alikaa kitandani pangu akaniuliza, kwa upole kabisa, "Na wewe pia?"

Wesley akaja mchana mmoja. Nilikuwa sijawahi kumwona karibu. Alikuwa mwanamume mnene wa sauti ndogo, mikono imechafuka utomvu wa majani chai, na yeye naye alisimama mlangoni. Aliponiona dirishani alishtuka akashika nguzo, kisha akaona ni mimi tu.

"Mama, naomba uniachilie."

"Nimekushika na nini, Wesley? Mikono yangu si hii?"

"Unajua, Mama."

Mama aliendelea kukata kitenge. Wesley akavua kofia, akaikamua maji, akaivaa tena.

"Faith anasema nikitoka asubuhi kwenda kuchuna majani, kiti yangu inalia. Kama mtu amekaa. Anasema mtu anakaa tu, haongei, anaangalia kitanda. Mama, mimi sijamwambia kitu. Sijawahi kumwambia kuna mtu anaitwa Chelangat. Pahali nyingine yote huyu msichana angeagiza kadi, ako hapa. Nilimwambia aende Kericho town. Akaniambia ameona kadi nzuri Kiptere."

Hapo akaanza kulia, mtu mzima, bila kujifunika uso. Mama hakumfukuza wala hakumkaribisha. Alisema tu, "Enda nyumbani, mvua inakuja," na mvua ikaja kweli.

Kilichotokea kesho yake nimekisimulia mara chache sana. Ilikuwa alasiri, mabati yakipigwa na mvua ya barafu, banda zima limelowa hewa. Nilikuwa kwenye kiti naandika kadi za ubatizo za mtu mwingine. Nyuma yangu Mama aliacha kuchota. Nilimsikia akipangusa mikono, akisogea, akasimama karibu na mgongo wangu, na akaanza kusema yale maneno niliyoyasikia miezi mingi kutoka kisimani. Lakini kufikia wakati huo nilikuwa nimekaa na Wakipsigis vya kutosha. Kwa mara ya kwanza niliyaelewa. "Lakwenyun," alisema, mwanangu, "unataka nimwachilie?" Halafu akasubiri. Hakuwa akisema nami, nilijua hivyo, ila kwenye kiti kile nilikuwa mimi. Nikataka kusema Mama, ni mimi Kwamboka. Badala yake nikapiga chafya.

Mwili ulikuwa umepata baridi, hayo ndiyo maelezo. Lakini pua yangu naijua. Huwasha kwanza, hunionya, macho hutoa machozi, ndipo chafya ije. Hii haikuniwasha. Ilitoka chini, kama mtu aliyenisukuma mgongoni kwa viganja viwili, na sauti yake ilikuwa nyembamba, ya msichana, wakati mimi chafya yangu hata leo hufukuza kuku. Hakukuwa na vumbi pale hata chembe. Wino ukamwagika kwenye kadi ya ubatizo. Nilipogeuka, Mama alikuwa amefunika mdomo kwa mkono wake wenye mabaki ya uji wa karatasi. "Kongoi," alisema, ahsante, na hakuwa akinitazama. Akatoka kwenye mvua bila kitu kichwani, akarudi na sanduku la bati.

Ndani zilikuwamo kadi za Chelangat, zote, zimefungwa utepe, wino haujafifia. Nilimuuliza kama ana hakika. "Garatasi haitupwi," alisema. "Inarudi." Aliziloweka mwenyewe, akanipa mchi. Nilitwanga mpaka mabega yakawaka, na sitasahau jinsi wino wa buluu ulivyotoka ukapita kwenye maji na kupotea. Tulichota shuka za Faith kutoka kwenye uji ule. Asubuhi zilikuwa zimekauka kwenye mabati, nyororo, safi, ingawa mvua haikuwa imekatika. Ukiziinua kwenye mwanga uliona vipande vya herufi vimelala ndani, mkia wa C hapa, nusu ya t pale, kama inavyokuwa karatasi ikirudiwa. Nilikwangua kwa wembe vile vilivyoonekana sana. Kwenye shuka moja tu neno lilikuwa zima, limekaa katikati, limenyooka, kana kwamba kadi ile haikupitia kinu. Chelangat. Nilimpelekea Mama. Sikulipondaponda vizuri, nilisema, samahani.

"Wacha. Hiyo ni yake."

Aliikata ikawa kadi kama za wageni wengine. Ndani niliandika mahali na saa ya harusi ya Wesley na Faith, mwandiko wangu ule ule, na jina la mgeni halikuhitaji kuandikwa. Tukaipeleka asubuhi, mimi na Mama, katikati ya michai iliyolowa, hadi pembeni ya shamba ambapo kaburi lilikuwa. Alitoa kile kisokoto cha nyasi kwenye fremu akakiweka pamoja na kadi, akavifunika kwa jiwe. "Mtu asipoalikwa ndio anakuja vibaya," aliniambia tukirudi, kwa sauti ya mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Faith aliamka kitandani wiki hiyo. Zahanati walisema ni kupumzika kumemsaidia. Alikuwa amepumzika tangu mwezi uliotangulia.

Harusi ilikuwa ya kawaida, wali, nyama, kwaya iliyokosea wimbo wa pili. Kanisa lilijaa watu mpaka madirishani, wengine wamebeba watoto, na kati ya Mama na mimi kulikuwa na kiti kitupu chenye leso juu yake ambacho hakuna aliyekiomba. Faith alikuwa amevaa gauni pana. Alimkumbatia Mama muda mrefu, na kwa jinsi alivyomkumbatia nilijua Wesley hatimaye amemwambia.

Mtoto alizaliwa mwezi wa kumi na moja, jioni, ng'ombe wakirudi boma. Wanawake wakaitana kumpa jina, Mama akaalikwa, nami nikambebea kibuyu cha mursik. Kwao mtoto hapewi jina la kuchaguliwa tu. Huitiwa majina ya watu wa ukoo waliokwisha kufa, moja baada ya jingine, na lile ambalo mtoto atalijibu kwa chafya ndilo lake, kwa kuwa huyo ndiye aliyerudi. Watu wa kanisa hufanya hivyo milango ikiwa imefungwa. Chumba kilikuwa na moshi na joto la watu. Faith aliketi kwenye godoro, amechoka, akishika mtoto kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kogo alikuwa na ugoro kwenye ncha za vidole, nami nililiona hilo nikaliweka moyoni kama maelezo. Wakaita bibi wa kwanza. Wakaita wa pili. Wakaita mama wakubwa na mashangazi, Kogo akipitisha vidole vyake vile vile chini ya pua ile ndogo kila mara. Mtoto alilia, akanyamaza, akalia. Majina yakaisha. Wanawake wakaangaliana, na mmoja akanong'ona kwamba si vizuri, mtoto asiyeitikia mtu hakai.

Kogo akamgeukia Mama. "Yuko mmoja hatujaita. Alifungwa nyasi hapa. Lakini hiyo jina ni yako, sisi hatuwezi kukunyang'anya."

Faith ndiye aliyejibu kabla ya wote. "Muite, Mama," alisema, akamnyooshea mtoto. "Mimi sina shida na yeye tena. Mwambie aingie."

Kwa mwaka wote ule watu walikuwa wakisema Mama Chelangat, Mama Chelangat, mara mia kwa siku, na yeye mwenyewe sikuwahi kumsikia akilitaja jina lile peke yake. Hakuwa na ugoro. Aliinama akalisema kwa sauti ndogo sana, sikioni. Mtoto akaacha kulia, akafungua macho, akakunja uso wote, akapiga chafya. Wanawake wakapiga vigelegele mpaka majivu yakaruka. Mimi sikupiga. Nilikuwa nimeijua ile chafya, nyembamba, iliyotoka chini.

Nilirudi Kisii mwezi uliofuata. Nilipokuwa naaga, Mama alikuwa amekitoa kile kiti nje kwenye jua, mto ukining'inia kwenye kamba, na mwanamke wa jirani alikuwa ameingia ndani ya banda akichagua kadi za Krismasi kwa mkono wake mwenyewe.

Hayo yote yalinipita nikiwa nimekaa na chinsaga mapajani. Nikampigia Faith simu. Alicheka kusikia nilivyoogopa. Mama alianza kuziandika kadi hizi mwaka jana, alisema, macho yakiwa yameanza kumwacha, na wakati huo msichana hakuwa hata na mchumba. Aliandika jina la bibi harusi kwenye zote, akaacha nafasi pembeni. La mwanamume litakuja, aliwaambia, la msichana tunalijua. Nilipoangalia tena niliona kweli jina la bwana harusi lilikuwa na mwandiko mwingine, wa kijana, na wino mpya. Unyasi ulikuwa bado na ukijani kidogo. Niliinua kadi kwenye mwanga, kama nilivyofunzwa, na ndani ya karatasi, karibu na C, kulikuwa kumelala kipande cha F cha mwandiko wangu wa ujana. Mama alikuwa ameweka mabaki ya kadi za Faith akayarudisha kinuni. Nikalia basi, nikalia vizuri, kwa sababu zile kadi alizokosa kuzigawa hatimaye zimegawanywa, na moja imenifikia mimi.

Mume wangu alitoka ndani na kikombe chake. Aliisoma kadi akiishika mbali, kwa kuwa miwani hana, akaniangalia machozi.

"Huyu bibi harusi ni mtu wenu?"

"Hapana," nikamwambia. "Nilimshikia kiti."